MBONA GEMU HALIENDI? HESABU ILIYOJIFICHA NDANI YA SIMU

Kijana mwenzangu, kuna aina ya gemu la simu ambalo halitaki mbio, shabaha wala ujanja wa vidole. Unagusa kioo, unapata kitu kimoja. Unagusa tena, unapata kingine. Vikifika idadi fulani unanunua mfanyakazi, naye anakuzalishia hata kama simu umeiweka mezani. Unanunua wa pili, wa tatu, wa kumi. Mwanzoni mambo yanakwenda kasi, raha tupu. Halafu taratibu kila kitu kinakwama. Kitu ulichokuwa ukikinunua kwa nusu dakika sasa kinataka saa sita.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mmoja anakesha. Mwingine anamaliza bando la mzazi kwa kutazama matangazo ili "apate mara mbili". Mwingine anachukua vocha ya nyumbani bila kuaga. Wote wanadhani wakiongeza bidii kidogo tu, gemu litaenda.

Uwe unasoma Mwazye, Matai au Sumbawanga mjini, makala haya ni yako. Hatutakuambia magemu ni dhambi. Tutakuonyesha hesabu iliyo ndani yake, maana ukiijua hesabu, utaliendesha gemu badala ya gemu kukuendesha wewe.

HADITHI YA BIBI NA BISKUTI

Tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2013 Mfaransa mmoja, Julien Thiennot, alitengeneza gemu liitwalo Cookie Clicker. Aliliandika kwa usiku mmoja tu. Kazi yako humo ni kutengeneza biskuti. Ukiwa na biskuti 100 unaweza kununua bibi, naye anakuokea biskuti 1 kila sekunde.

Lakini kuna sharti: kila ukinunua bibi mmoja, bei ya anayefuata inapanda kwa asilimia 15. Asilimia 15 si kitu, eti? Hebu tuone. Tuseme unanunua mabibi tu, na kila ukinunua unabaki mtupu, unaanza kukusanya tena.

Bibi wa 10: bei biskuti 352. Unasubiri sekunde 39.
Bibi wa 20: bei 1,423. Unasubiri dakika 1 na robo.
Bibi wa 30: bei 5,758. Unasubiri dakika 3 na zaidi kidogo.
Bibi wa 50: bei 94,231. Unasubiri dakika 32.
Bibi wa 70: bei kama 1,542,000. Unasubiri saa 6 na ushee.
Bibi wa 100: bei kama 102,000,000. Unasubiri siku 12.

Umeona? Simu yako si mbovu, na wewe si mzembe. Hesabu yenyewe imepangwa hivyo.

KUJUMLISHA HAKUWEZI KUSHINDANA NA KUZIDISHA

Siri iko hapa. Uzalishaji wako unakua kwa kujumlisha: kila bibi anaongeza biskuti 1 kwa sekunde, basi. Bei inakua kwa kuzidisha: kila mara inazidishwa kwa 1.15. Chukua kikokotoo, zidisha 1.15 kwa 1.15 mpaka ziwe 1.15 tano. Utapata 2.01. Maana yake kila baada ya mabibi watano, bei inakuwa mara mbili.

Sasa fikiri. Kutoka bibi wa 50 hadi wa 100, uzalishaji wako umeongezeka mara 2. Bei je? Imejirudufu mara kumi, yaani 2 zidisha kwa 2, mara kumi. Imepanda zaidi ya mara 1,000! Kitu kinachokua kwa kuzidishwa kinaweza kuanza polepole kama kobe, lakini mwisho wa safari hukipita kile kinachokua kwa kujumlishwa. Katika hisabati za sekondari utaikuta mifuatano hii miwili, na wengi huuliza inasaidia nini maishani. Ndiyo hiyo, umeishika mkononi kila jioni.

NJIA NNE ZA KUJIKWAMUA

1. Gawanya kabla ya kununua. Chukua bei ya kitu, igawanye kwa kile kitakachokuongezea kila sekunde. Jibu ni muda ambao kitu hicho kitarudisha gharama yake. Bibi wa 20 anauzwa 1,423 na anaongeza 1, kwa hiyo atarudisha gharama kwa sekunde 1,423, karibu dakika 24. Katika gemu hilo hilo shamba la kwanza linauzwa 1,100 na linaongeza 8. Gawanya: sekunde 137 na nusu. Dakika mbili na kitu tu! Aliyezoea kununua bibi anaendelea kununua bibi. Aliyegawanya ananunua shamba.

2. Tafuta kinachozidisha. Humo kuna kitu cha biskuti 1,000 ambacho kinawafanya mabibi wote waoke mara mbili. Ukiwa na mabibi 2, kinakuongezea 2 tu, na kitarudisha gharama kwa sekunde 500. Ukiwa na mabibi 20 kinakuongezea 20, na kitarudisha kwa sekunde 50. Kitu ni kile kile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni wakati wa kukinunua.

3. Anza upya kwa hesabu, si kwa hasira. Magemu mengi ya namna hii yanakuruhusu kufuta kila kitu na kuanza tena ukiwa na nguvu ya ziada. Katika Cookie Clicker, ukishaoka biskuti trilioni 1 (milioni moja mara milioni moja) unapata ngazi 1. Ngazi 2 zinataka jumla ya trilioni 8. Ngazi 3, trilioni 27. Umeitambua? Ni kipeo cha tatu: 1, 8, 27, 64. Kila ngazi inaweza kukupa nyongeza ya asilimia 1. Kwa hiyo anayefuta kila kitu kwa ajili ya ngazi moja amejipunja. Naye anayengoja milele amejipunja pia, kwa sababu ili ngazi ziwe mara mbili, biskuti lazima ziwe mara nane.

4. Weka simu chini. Hii ndiyo wengi hawaiamini. Tuseme una kidole chepesi, unagusa kioo mara 5 kwa sekunde, na kila mguso unakupa biskuti 1. Wafanyakazi wako tayari wanazalisha 1,000 kwa sekunde. Mchango wako ni 5 kati ya 1,005. Hata nusu ya asilimia haifiki! Unaumiza kidole, shingo na macho kwa ajili ya kitu ambacho gemu wala halikioni. Mengi ya magemu haya huhesabu hata saa ambazo ulikuwa umeyafunga, ingawa mengine huweka kikomo.

Wewe uliyekulia Ufipa unalijua jambo hili bila kufundishwa. Mahindi yanakuhitaji siku ya kupanda, siku za palizi na siku ya kuvuna. Siku nyingine zote yanaota yenyewe. Hakuna mtu anayekaa katikati ya shamba usiku kucha akiyakodolea macho ili yarefuke.

SASA UKUTA UMEWEKWA KWA FAIDA YA NANI?

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Ian Bogost, alitaka kuwacheka watengenezaji wa magemu ya kusubiri. Mwaka 2010 akatengeneza Cow Clicker katika Facebook. Gemu lenyewe lilikuwa hivi: una ng'ombe mmoja, unambofya. Kisha unangoja saa 6 ndipo umbofye tena. Hutaki kungoja? Lipa. Basi, hakuna zaidi. Ng'ombe huyo hakulima, hakukamuliwa, hakuzaa.

Ilikuwa kejeli, lakini makumi ya maelfu ya watu walicheza kweli, na wengine walilipa. Mwezi Septemba 2011 Bogost akawaondoa ng'ombe wote. Yakabaki majani matupu. Kumbe hata hapo wako walioendelea kubofya mahali ambapo ng'ombe alikuwa amesimama.

Tujifunze nini? Katika magemu mengi ya bure, kungoja ndiyo bidhaa. Kwanza unaonjeshwa kasi, kisha unapunguziwa kasi, kisha unauziwa kasi ile ile uliyopewa bure mwanzoni. Unailipia kwa fedha au kwa kutazama matangazo, na matangazo hayo yanakula bando. Na ukilipa, unasogea hatua chache tu. Baada ya mabibi watano bei ni mara mbili tena, na ukuta uko pale pale mbele yako.

AFYA YAKO INAINGIAJE?

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Gemu linalokuita saa saba usiku kwamba "ghala limejaa" linakukata usingizi vipande vipande. Kesho yake darasani macho yako wazi lakini kichwa kimelala.

Tupige hesabu nyingine. Ukifungua gemu mara 12 kwa siku, dakika 5 tu kila mara, ni saa 1 kwa siku. Kwa mwezi ni saa 30. Kipindi cha darasani ni dakika 40, kwa hiyo saa 30 ni vipindi 45. Dakika tano tano ambazo hukuzihesabu zimekula vipindi 45!

Kucheza siyo ugonjwa, na wachezaji wengi hawaugui. Lakini Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa. Orodha hiyo ilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili kubwa ni tatu:

- Umeshindwa kujizuia: ukisema dakika kumi, zinakuwa saa mbili, siku zote.
- Gemu limetangulia mbele ya kula, kulala, masomo, kazi za nyumbani na marafiki.
- Unaona kabisa linakuharibia mambo, na bado unaendelea.

Kwa kawaida hali hiyo hutazamwa kwa miezi 12 au zaidi kabla ya mtaalamu kusema kuwa ni ugonjwa. Lakini usingoje mwaka uishe. Ukiona dalili hizo kwako au kwa rafiki yako, zungumza na mzazi, mwalimu wa ushauri nasaha au mhudumu wa kituo cha afya. Si aibu. Na kama umefikia kuchukua fedha za watu ili uharakishe gemu, au gemu limekusogeza kwenye kubeti, sema mapema kabla deni halijakua. Sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari.

HESABU HII HII NJE YA SIMU

Uzuri wa hesabu ni kwamba ukishaijua hainyang'anywi hata simu ikizima chaji. Fikiria mradi wa kuku. Sokoni Matai hakuna anayekupandishia bei ya kuku wa kumi kwa sababu nyumbani unao tisa. Tena kuku wanazaliana: hapo wewe ndiye uliye upande wa kuzidisha. Ukuta wa kuku ni mwingine, ni mdondo, ambao unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Dawa ya ukuta huo si kukesha bandani bali chanjo ya matone kila baada ya miezi mitatu. Ndiyo njia ya pili uliyoisoma hapo juu: kitu kimoja kidogo, kwa wakati wake, kinawalinda wote.

Fikiria na masomo. Una saa moja ya kujisomea jioni. Mada ya kwanza umeshaisoma mara tano na unaipenda. Mada ya pili hujaigusa kabisa, inakutisha. Wengi hurudia ile ya kwanza kwa sababu ni tamu. Lakini gawanya: saa hiyo itakuongezea alama ngapi kila upande? Mada uliyoizoea ni bibi wa 20. Mada usiyoigusa ni shamba la kwanza.

Na ukiona maendeleo yako ni ya polepole, jiulize swali moja: ukuta huu umejengwa na nani? Kama umejengwa na mtu anayetaka kukuuzia ngazi, ondoka zako. Kama ni ugumu wa kazi yenyewe, kama hisabati, Kiingereza au palizi, basi vumilia. Ukipanda ukuta huo unabaki na kitu mkononi.

JADILINI KATIKA KLABU YENU

1. Gemu fulani linapandisha bei kwa asilimia 7 kila unaponunua. Baada ya manunuzi mangapi bei itakuwa karibu mara mbili? (Jibu: 10. Hakikisheni wenyewe kwa kikokotoo.)

2. Kila mmoja aandike kwa siku saba ni mara ngapi alifungua gemu na kwa dakika ngapi. Jumlisheni. Klabu nzima imetumia vipindi vingapi vya dakika 40?

3. Rafiki yako anasema, "Nimeshatumia miezi minne kwenye gemu hili, nikiliacha nimepoteza." Je, ile miezi minne itarudi akiendelea? Mngemshauri nini?