Anayeshika funguo kwa miezi sita: kazi ya msimamizi wa mifumo wa muda katika shirika

Mzee mmoja anayetusikiliza kutoka upande wa Ganze, Kaunti ya Kilifi, alitutumia ujumbe mrefu. Binti yake amemaliza diploma ya teknolojia ya habari, na ameona tangazo la shirika lisilo la kiserikali linalotafuta "Msimamizi wa Mifumo ya Biashara, wa muda, miezi sita". Mzee aliuliza mambo matatu. Shirika ambalo halifanyi biashara lina mifumo gani ya biashara? Miezi sita ni kazi, au ni kibarua chenye jina kubwa? Na je, hawa si wale matapeli wanaoitisha pesa ya fomu?

Siku mbili baadaye mama mmoja alituandikia jambo ambalo mwanzoni tuliliona ni tofauti kabisa. Aliandikishwa kwenye orodha ya wakulima wa kupewa mbegu. Aliyeandika majina ameshaondoka, shirika limebadilisha kompyuta zake, na sasa akienda ofisini anaambiwa hayupo "kwenye sistimu". Tulipokaa kuandaa kipindi ndipo tukaona kwamba mzee na mama wanauliza kuhusu kiti kimoja.

Neno biashara lisikuchanganye, ndugu msikilizaji. Shirika la kusaidia watu nalo hulipa mishahara, hununua mafuta ya gari, huweka magunia stoo, hupokea pesa za wafadhili na hutuma pesa kwa M-Pesa. Zamani hayo yote yalikaa kwenye madaftari na mafaili. Siku hizi yanakaa kwenye programu za kompyuta kama Odoo, QuickBooks au Salesforce, na hizo ndizo zinazoitwa mifumo ya biashara.

Msimamizi wa mifumo hiyo si fundi wa kuchomeka nyaya, ingawa ataitwa printa ikikwama. Kazi yake hasa ni milango. Yeye ndiye anayepanga nani aingie, aone nini na abadilishe nini. Afisa wa nyanjani anaweza kuandika jina la mkulima lakini hawezi kuidhinisha malipo. Mhasibu anaidhinisha malipo lakini hawezi kuongeza jina. Mfanyakazi mpya anafunguliwa mlango, na anayeondoka anafungiwa siku hiyo hiyo. Msimamizi pia huweka nakala ya kumbukumbu zote mahali pengine, ili kompyuta ikiibwa au ikiungua orodha isipotee. Na mfadhili akiuliza ni kaya ngapi zilipokea na kiasi gani, yeye ndiye anayeitoa taarifa hiyo.

Kwa nini basi atafutwe mtu wa muda? Mara nyingi sababu ni ya kawaida tu. Mwenye kazi amekwenda likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria yetu ni miezi mitatu yenye malipo kamili, na huenda akaunganisha na likizo yake ya mwaka. Ukiongeza wiki chache za kupokezana mwanzoni na mwishoni, miezi sita inafika. Sababu nyingine ni kuhama kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, kazi inayohitaji mikono zaidi kwa muda mfupi. Na mara nyingine aliyekuwepo ameacha ghafla, na ofisi inatafuta wa kushikilia huku ikimtafuta wa kudumu.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu asiyejulikana sana, anayejua ataondoka, anapewa funguo za nyumba nzima.

Mfano tunaoweza kuusimulia unatoka kwa jirani zetu wa Kivu Kusini, Kongo. Mwaka 2023 shirika la GiveDirectly, linalojulikana pia hapa Kenya kwa kuwapa watu pesa taslimu kwa simu, lilitangaza lenyewe kwamba karibu dola 900,000 zilizokusudiwa familia zaidi ya 1,700 ziliibwa katika kipindi cha miezi kadhaa kuanzia mwaka 2022, na kwamba baadhi ya wafanyakazi wake walihusika. Kwa kawaida mpokeaji hujisajilia laini yake mwenyewe. Kule, kwa sababu ya umbali na ukosefu wa usalama, wafanyakazi waliruhusiwa kuwasajilia watu laini. Kwa hiyo aliyeandika jina ndiye huyo huyo aliyeshika laini. Hakikuwa kisa cha msimamizi wa kompyuta, wala cha mtu wa muda, lakini kinaonyesha mahali pesa inapopotelea: pale kazi ya watu wawili inapowekwa mkononi mwa mmoja. Tunalisifu shirika kwa kusema hadharani. Mengi yangenyamaza.

Shirika makini hulifikiria hilo kabla ya kuandika tangazo. Kwanza linaandika kazi yenyewe waziwazi: mifumo gani, watumiaji wangapi, nini kifanyike ndani ya miezi hiyo na nini kisiguswe. Kisha linapanga wiki mbili ambapo wa zamani na mpya wanakaa meza moja. Tunasikia ofisi zikibana matumizi kwa kufuta wiki hizo, na kwa maoni yetu huo ni ubahili unaorudi kuwa gharama, kwa sababu mambo mengi ya mfumo hayaandikwi popote. Yako kichwani mwa mtu.

Kwenye usaili, karatasi za vyuo hazitoshi. Mtu apewe kompyuta yenye majina ya kubuni na aambiwe: huyu ameacha kazi leo, mfungie, huyu ameandikishwa mara mbili, mrekebishe, toa orodha ya malipo ya mwezi uliopita. Nusu saa inamaliza ubishi. Halafu wapigiwe simu waliofanya naye kazi, na waulizwe alivyoondoka kuliko wanavyoulizwa alivyoingia.

Akiajiriwa, aingie kwa jina lake na nywila yake, yaani neno lake la siri, asipewe ya yule aliyekwenda likizo. Mfumo huandika nani alifanya nini na saa ngapi. Watu wawili wakitumia jina moja, maandishi hayo hayana maana tena. Ufunguo mkuu ubaki kwa watu wawili wa ofisi, na tarehe ya mwisho ya mkataba iwekwe ndani ya mfumo wenyewe tangu siku ya kwanza, mlango ujifunge hata kama kila mtu amesahau.

Sisi hapa kituoni hatukufanya hivyo. Kuna wakati kijana mmoja alitushikia kazi ya kuendesha namba ya kupokea ujumbe wenu. Muda wake ulipokwisha tukaagana vizuri, tukanywa chai, akaenda zake. Kesho yake tukagundua nywila ilikuwa kwenye simu yake, na simu ilikuwa imezimwa. Siku tatu mlituandikia na hatukuona kitu. Hakuwa mwizi. Hakuna aliyemwomba airudishe.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inalitaja jambo hili: mfanyakazi anayeacha kazi anatakiwa kuachilia mara moja nywila na ruhusa zote za kuingia kwenye mifumo ya mwajiri, isipokuwa mkataba wao uwe umesema vingine. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Binti wa mzee wetu na ajue hilo kabla ya kuingia. Siku ya mwisho akabidhi kwa maandishi, mwenzake atie sahihi, naye abaki na nakala. Karatasi hiyo inamlinda yeye kuliko inavyolilinda shirika, kwa sababu kitu kikiharibika mwezi mmoja baadaye, wa kwanza kutajwa ni aliyeondoka.

Tukirudi kwa swali la mzee kuhusu kibarua: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kwa kila mwezi aliokamilisha, mfanyakazi wa miezi sita anastahili siku moja na robo tatu za likizo yenye malipo, jumla siku kumi na nusu. Akiondoka anapewa cheti cha kuonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani. Atakatwa NSSF, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kama mwajiriwa mwingine yeyote. Mashirika mengine humwita mtu huyu "mshauri" badala ya mwajiriwa. Hapo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, likizo haipo, na mambo ya bima ni juu yake. Si kosa, lakini mshahara unaoonekana mkubwa kwenye tangazo huwa mdogo ukishahesabu hayo. Binti aulize mapema ni lipi kati ya mawili.

Kuhusu utapeli, tangazo la kweli lina jina la shirika, na jina hilo linaweza kuulizwa kwa mamlaka inayosajili mashirika ya manufaa ya umma, chini ya sheria iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Uliza pia kwa chifu. Shirika linalofanya kazi kwenye lokesheni yake atakuwa analijua. Na yeyote anayetaka utume pesa kwa namba ya mtu binafsi ndipo uitwe kwenye usaili, mwachie namba yake.

Sasa yule mama. Majina yanapohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, makosa madogo hutupa watu nje. Namba ya simu inayoanza na sifuri ikiingizwa kwenye jedwali la kompyuta kama hesabu ya kawaida, sifuri huanguka, na mfumo mpya huikataa namba hiyo kuwa pungufu. Namba ya kitambulisho ikikosa tarakimu moja, hali ni ile ile. Msimamizi mzuri huhesabu majina kabla na baada ya kuhamisha, na walioanguka hutoa orodha yao apewe afisa wa nyanjani awatafute. Asiyejali huendelea.

Tulimwambia mama asiulize tena "je, nimo?" Aombe kuonyeshwa kumbukumbu zake zilivyoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuziona taarifa zake na kudai zilizokosewa zirekebishwe. Wakimkatalia, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na malalamiko hayo yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90.

Hakuhitaji kufika huko. Alirudi ofisini na simu yake, akawaonyesha ujumbe wa kuandikishwa aliotumiwa mwaka jana, ambao hakuwa ameufuta. Walimkuta kwenye faili la waliokataliwa na mfumo, namba yake ya simu ikiwa na tarakimu tisa. Alituambia walikuwa wengi humo, na kwamba ameandika majina matano anayoyajua kwenye daftari lake ili awapelekee habari.