Neno "Athari" na Matuta ya Uluguru

Ukikanyaga tope ukaenda zako, waacha nini nyuma? Alama ya mguu. Kwa Kiarabu alama hiyo ni athar, na ndiko lilikotoka neno letu athari. Zamani lilitajwa sana kwa maana ya kovu au doa.

Mtu akianguka mnazini akavunjika mkono, wengi husema mkono ule ni athari. Si kosa, lakini mimi ningesema ni matokeo. Athari ni shamba lisilolimwa msimu ule, na deni la dukani.

Tazama milima yetu. Kuanzia mwaka 1950 hivi, serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi milimani, ili mvua isiuchukue udongo na mto Ruvu usijae mchanga. Nia haikuwa mbaya. Lakini huko udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi, ule mzuri wafukiwa, na ule usio na nguvu watoka juu. Mahindi yakadumaa. Hayo ni matokeo, kila mtu aliyaona shambani mwake.

Athari zilikwenda mbali. Watu walichoshwa na kazi ya lazima isiyowapa chakula. Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mwaka huohuo mpango ukaachwa. TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ikajipatia wafuasi wengi milimani. Je, bwana shamba aliyepima tuta la kwanza alikusudia hayo?

Wala athari si lazima iwe mbaya. Kule Mgeta, penye mboga za kuuza, matuta yalikubalika, na watu wayalima hata leo.

Katika kusema, angalia: ni athari hii, athari hizi; "maathari" hakuna. Kitenzi chake ni kuathiri, na aliyepatwa ameathirika. Usikichanganye na kuathibu, ambako ni kuadhibu kulikoharibiwa na ulimi.

Ukitaka mfano wa kuwaeleza watoto jioni, waambie habari za mto. Mtu achoma kichaka juu ya kijiji chake apate shamba. Mvua yaja, udongo washuka mtoni. Naye mama wa Dar es Salaam, ambaye maji yake hutoka Ruvu, afungua bomba na kuona maji mekundu ndooni.