Kome na Kalenda Yake

Mjini Yerseke, kusini-magharibi mwa Uholanzi, kome huuzwa kwa mnada. Kabla ya kununuliwa, sampuli ya kila shehena huchemshwa, nyama ikatolewa kwenye magamba na kupimwa. Kome wa Septemba amejaa hadi gamba linambana. Yuleyule, ukimfungua Aprili, amesinyaa.

Kwa macho, kiumbe huyu hana analofanya. Hana kichwa, na amejishikiza mahali pamoja kwa nyuzi zake. Kazi iko ndani, mikononi mwa vimeng'enya, protini zinazoharakisha kemia ya mwili. Kiangazi, chakula kinapokuwa kingi majini, kimeng'enya kinachounga sukari kuwa glaikojeni huchapa kazi, na akiba hurundikana katika utando laini ulio chini ya gamba. Baridi ikiingia, kimeng'enya hicho hupoa na akiba huanza kumegwa ili kutengeneza mayai na mbegu za kiume.

Kinachonistaajabisha ni kwamba mayai na mbegu hizo hukua ndani ya utando huohuo. Ghala na kitalu ni chumba kimoja: kimoja kikipungua, kingine kinatanuka. Ni rahisi kusema baridi ndiyo inayoamua yote, kwa kuwa kweli baridi hupunguza kasi ya kemia. Lakini kome hutayarisha uzazi miezi ileile ya baridi, chakula kikiwa haba. Ametangulia kujiwekea.

Akiba hiyo ina kazi nyingine. Maji yakipwa, kome aliye ufukweni hufunga gamba na kukaa bila oksijeni ya kutosha. Kimeng'enya kiitwacho piruveti kinesi hubanwa, glaikojeni ikapitishwa njia nyingine isiyohitaji oksijeni, na matumizi ya nishati yakashuka sana. Aliyekwisha kutaga hana cha kutosha cha kuchoma, ndiyo maana kome wa baada ya uzazi hufa upesi akiwa nje ya maji. Wafanyabiashara wanalijua hilo. Msimu mpya wa mauzo huanza karibu na Julai, miili ikishajijenga upya.

Wanasayansi nao hutumia vimeng'enya vya kome kupima uchafuzi wa bahari. Wakilinganisha kome wa Januari wa bandarini na kome wa Julai wa maji safi, wanaweza kuishitaki bandari kwa kosa la majira. Kwenye kila chupa ya sampuli, mwezi uandikwe sambamba na jina la mahali.