Maikrokodi: Sahihisho Linalosahauliwa na Prosesa Kila Izimwapo

Wengi wetu tunajua kwamba programu za kompyuta husasishwa. Lisilojulikana sana ni kwamba prosesa yenyewe, ile chipu inayotekeleza amri zote, nayo hutoka kiwandani ikiwa na makosa, na baadhi ya makosa hayo hurekebishwa bila kuing'oa. Hapa tunaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika katika OPNsense, programu huria inayoifanya kompyuta kuwa ngome ya mtandao: hukaa kati ya mtandao wa taasisi na intaneti, ikiamua kipi kipite na kipi kizuiwe.

Mwaka 1951 Maurice Wilkes wa Cambridge alipendekeza kwamba kila amri ya prosesa ivunjwe katika hatua ndogo zilizoandikwa ndani ya mashine yenyewe. Hatua hizo ndizo maikrokodi. Mwaka 1994 iligundulika kwamba Pentium inakosea katika kugawanya namba fulani, na Intel ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo, kwa kuwa kasoro iliyo ndani ya chipu yenyewe haikuweza kuondolewa ila kwa kubadilisha chipu. Pentium Pro ya mwaka 1995 iliweza kupokea maikrokodi mpya.

Ila sahihisho hilo halidumu. Prosesa hulishika mradi ina umeme. Ikizimwa, inarudia maikrokodi iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo ni lazima lipakiwe upya kila mashine inapowashwa. Anayelipakia ni BIOS ya ubao mama au mfumo endeshi. Visanduku vidogo vya bei nafuu ambavyo watu hupenda kuvifanya ngome mara nyingi havipati BIOS mpya, basi mzigo huangukia mfumo. Katika OPNsense unasakinisha programu-jalizi `os-cpu-microcode-intel` au `os-cpu-microcode-amd`, kulingana na prosesa yako, kisha unawasha mashine upya. Amri ya `dmesg` inaonyesha taarifa za kuwaka kwa mashine, na humo utaona kama maikrokodi imepandishwa. Ikiwa ngome yako ni mashine pepe, kuisakinisha humo ndani hakusaidii. Anayepaswa kuipakia ni mashine mwenyeji.

Je, kuna haja? Kasoro nyingi zilizovuma, kama Spectre ya 2018 na Zenbleed ya 2023, zinamtaka mshambuliaji aendeshe programu yake juu ya prosesa hiyohiyo. Kwenye ngome isiyoendesha programu za wageni, hatari hiyo ni ndogo kuliko kwenye seva ya watu wengi. Kwa maoni yetu sababu nzito zaidi ni uthabiti, maana masahihisho mengine huondoa makosa yanayoigandisha mashine. Lakini hata dawa ina madhara yake: Januari 2018 Intel iliwaomba watu wasitishe kusambaza maikrokodi yake mpya, kwa sababu baadhi ya kompyuta zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe.

Sisi tunaosoma falsafa tunavutwa na jambo jingine. Programu huria husifiwa kwa kuwa yeyote anaweza kuisoma. Maikrokodi ya Intel hufika ikiwa imefichwa kwa msimbo na kutiwa sahihi ya kidijiti ya mtengenezaji. Tunaipakia bila kuisoma. Wapo wanaoikataa kwa msimamo huo. Hoja yao tunaiheshimu, lakini ina pengo: anayekataa maikrokodi mpya habaki bila maikrokodi. Anabaki na ile ya kiwandani, iliyofungwa vilevile, pamoja na makosa yake. Hachagui kati ya kuamini na kutoamini, bali kati ya toleo la zamani na jipya la mtu yuleyule.

Na sahihi yenyewe si kinga kamili. Februari 2025 watafiti wa Google walitangaza kwamba ukaguzi wa sahihi katika prosesa za AMD za Zen 1 hadi Zen 4 una udhaifu. Wakatoa maikrokodi ya majaribio iliyoifanya amri ya kutoa namba za bahati nasibu ijibu 4 kila mara. Mtu anahitaji kwanza mamlaka ya juu kabisa juu ya mashine ili afanye hivyo, na AMD ilitoa sahihisho, nalo lilikuja kwa njia ileile ya maikrokodi.

Kabla ya kusakinisha, hifadhi nakala ya mipangilio ya ngome mahali pengine. Fanya kazi hiyo saa ambazo mtandao hautumiki, mtu akiwa karibu na mashine, kwani ngome isipowaka huwezi kuifikia kutoka mbali.