Laos: Utulivu Wenye Siri Ardhini

Jua halijachomoza, nasi tumekwisha kuketi kando ya barabara mjini Luang Prabang, kaskazini mwa Laos. Mbele yetu akina mama wamepiga magoti juu ya mikeka, kila mmoja na kikapu cha mianzi chenye wali wa kunata. Watawa wa Kibuddha, wengine wavulana wadogo, wanapita kwa safu na majoho yao ya rangi ya machungwa. Kila mama anamega tonge na kulitia katika bakuli la kila mtawa. Hakuna anayesema neno.

Tuliipenda nchi hii upesi. Wanawake wengi bado huvaa sinh, sketi ndefu yenye pindo la nakshi, na vijijini binti hujifunza kuifuma kwa mama yake. Reli ya kwenda China ilifunguliwa Desemba 2021, lakini kando ya Mto Mekong watu hawana haraka.

Kisha tukapanda basi dogo kwenda mkoa wa Xieng Khouang, kutazama mitungi mikubwa ya mawe ya kale. Huko tuliagizwa tutembee ndani ya alama tu. Kwa nini? Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha Laos zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Yakadiriwa kwamba mabomu madogo yapatayo milioni 80 hayakulipuka. Mengi ni mviringo kama mpira wa tenisi, na watoto huyadhania kuwa vitu vya kuchezea.

Hebu fikiri, msomaji mpendwa: mama anawasha moto shambani apike chakula cha mchana, na joto la moto huo laweza kulipua bomu lililofukiwa chini yake. Tangu vita vilipokwisha, maelfu wameuawa au kulemazwa.

Lakini akina mama hawakukaa tu kulia. Katika mkoa huo wapo wanawake ambao kazi yao ni kuyatafuta mabomu hayo kwa mitambo, hatua kwa hatua, ili mashamba yalimike tena.

Tulikuwa tumedhani kwamba Laos ni tulivu kwa sababu haikupatwa na mengi. Kumbe utulivu ule una walinzi wake, na wengi wao ni akina mama.