Mashimo 18, Mdhamini Yuko Wapi?

Kila Jumamosi asubuhi, kati ya Ghana Avenue na ile barabara ya baharini ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama Drive, kuna watu wanatembea taratibu nyuma ya mpira mdogo mweupe. Ni Gymkhana hiyo, msomaji wangu. Ukitokea Kivukoni si mbali, na wengi wetu tunapita pale kila siku tukidhani ni mambo ya wakubwa. Lakini kijana mwenzetu mwenye kikampuni cha kuandaa matukio anajua kwamba pale pana kazi, ilimradi apate mdhamini. Na hapo ndipo kasheshe linapoanza.

Nimekaa kwenye kamati mbili za mashindano ya gofu, upande wa matangazo, na nimezungusha barua za kuomba udhamini mpaka walinzi wa maofisi ya Ohio Street wakanizoea. Barua nyingi zinafanana. Zinaanza na historia ya klabu, zinasifia michezo kwa afya, kisha zinaomba mamilioni. Ofisa masoko anasoma mistari mitatu, anaiweka chini ya zile nyingine, anakwambia njoo wiki ijayo.

Yeye anataka kujua jambo moja tu: nitakaa na nani, kwa muda gani? Soka linampa maelfu ya watu kwa mbali. Gofu inampa watu watatu, yeye wa nne, wanatembea pamoja saa nne hivi, bila kikao wala sekretari wa kusema bosi yuko safarini. Mfanyabiashara aliyemkwepa mwaka mzima leo wanatafuta mpira pamoja kwenye majani. Hicho ndicho anachonunua. Kwa hiyo orodha ya wachezaji iwe ukurasa wa kwanza wa barua yako, historia ya klabu ikae nyuma huko.

Wakubwa wameshaliona hilo. NMB imewahi kuweka jina lake kwenye Kombe la CDF pale Lugalo, kwenye uwanja wa jeshi, na Johnnie Walker ikafanya hivyo kwenye Kombe la Waitara, lenye jina la Jenerali George Waitara, mkuu wa majeshi mstaafu. Jirani zetu wamefika mbali zaidi. Kenya Open iliyoanza 1967 imepita kwa wadhamini wa bia na wa benki, na ilipoingia kwenye ziara ya Ulaya mwaka 2019 ikaitwa Magical Kenya Open, yaani jina zima likawa tangazo la utalii. Halafu kuna udhamini wa moyo. Lina PG Tour ilianzishwa kumuenzi marehemu Lina Nkya, mwanamama aliyeupenda mchezo huu, na familia yake ndiyo iliyosimama nyuma yake. Mimi hilo hunigusa kuliko mabango yote.

Sasa turudi kwetu sisi wa kipato cha kuungaunga. Rafiki yangu mmoja na mkewe walikuwa wanaweka akiba ya kiwanja Kigamboni. Jamaa akapata tenda ya kuandaa mashindano, na ofisa wa kampuni moja kubwa akamwambia kwa mdomo, "Kaka, hesabu tumo." Hakuna barua, hakuna LPO. Jamaa akachota milioni 6 za kiwanja, akalipia uwanja, kofia na tisheti. Siku kumi kabla ya mashindano yule ofisa akahamishwa, na aliyekuja akasema bajeti imeshafungwa.

Mkewe aligundua akiwa mbele ya mashine ya kutolea pesa.

Siku mbili nyumba ilikuwa baridi, salamu tu. Siku ya tatu usiku dada akaweka daftari mezani. "Baba Junior, nionyeshe majina ya wanaocheza." Akapita na kalamu. "Huyu si ana duka la matairi Msimbazi? Na huyu wa simu, mtaa wa Aggrey? Mbona barua zote mmepeleka benki?"

Kwa kweli hata mimi sijawahi kuona kamati ikishuka Kariakoo. Tunaona aibu, sijui kwa nini, wakati pesa inayozunguka pale tunaijua. Dada akaomba ruhusa kazini, wakazunguka wote wawili duka kwa duka. Hawakuuza mashindano yote, waliuza shimo moja moja: laki tano, bango lako linasimama pale siku nzima, na kila mchezaji lazima alipite. Mashimo 18 yangeleta milioni 9. Wakauza tisa, milioni 4 na nusu. Milioni 1 na nusu haikurudi, na kiwanja kikasubiri.

Mfanyabiashara wa Kariakoo barua haimsisimui. Anataka akuone uso, na mara nyingi atakupa mali badala ya fedha: friji, simu, televisheni. Pokea, ila kuwa makini. Kanuni za wachezaji wa ridhaa zilizoanza Januari 2022 zinaweka kikomo cha zawadi Dola 1,000 za Marekani, na kwenye mashindano ya handikapu fedha taslimu haziruhusiwi. Na lile gari linalopambwa pembeni ya shimo, zawadi ya atakayetumbukiza kwa pigo moja? Mwandaaji mjanja hulikatia bima. Ikitokea, bima ndiyo inalipa.

Wengi pia wanasahau chakula cha jioni. Wake, na siku hizi waume pia, wanaopoteza Jumamosi zao kwa sababu ya gofu wapewe kadi kwa majina yao na wapangiwe meza. Wadhamini wanaipenda sana hiyo meza, maana nyumba nyingi uamuzi wa kufungua akaunti au kununua gari haumalizwi na mtu mmoja.

Kabla hujachapisha kofia hata moja, dai barua yenye sahihi na nusu ya fedha. Atakayekuona msumbufu mwache aende. Mashindano yakiisha, ndani ya wiki moja mpelekee kila mdhamini picha za bango lake na majina ya waliopita pale. Ofisa masoko naye ana bosi wa kumwonyesha.