JICHO HUDANGANYWA VIPI?

Ukisimama Kinyala nyuma ya mgomba, jani moja tu laweza kuufunika Mlima Rungwe wote, wenye urefu wa karibu meta 2,960. Hakuna anayeshangaa. Lakini mtoto akichora hivyo hivyo kwenye daftari, mkubwa humkaripia: "Tangu lini mgomba ukauzidi mlima?" Hapo mtoto ndiye mwenye haki.

Karatasi ni bapa, haina mbele wala nyuma. Mchoraji huazima mazoea ya jicho: cha mbali hukichora kidogo, cha karibu hukifanya kikifunike kingine, na milima ya mbali huipaka buluu iliyofifia, kama tuionavyo siku ya ukungu. Akitia kivuli upande mmoja, duara hugeuka chungwa. Mwaka 1961 Bridget Riley wa Uingereza alichora miraba myeusi na myeupe tu, akaipunguza upana kidogo kidogo, na picha ikaonekana kuzama. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuzihitaji hila hizo. Wanyama wake husimama bila kivuli, nao wanapendeza vile vile.

Hata ardhi hulaghai. Kilima cha Kituluni, Machakos, Kenya, maji huonekana yakipanda, kumbe yanateremka. Nanyi madereva wa Uyole hadi Tukuyu, baada ya mteremko mkali, mteremko mdogo huonekana tambarare. Mguu huachia breki, huku mshale wa spidi unapanda.